Soko la vipimo vya damu Afrika Mashariki

Soko la vipimo vya damu ni biashara ya mashine, vitendanishi (kemikali za kupimia), vifaa vya kutolea damu na huduma za maabara zinazotumika kutambua magonjwa. Duniani limeshikwa na kampuni chache, zikiwemo Roche ya Uswisi, Abbott ya Marekani, Siemens Healthineers ya Ujerumani na Sysmex ya Japani.

Afrika Mashariki, soko hili lilikuzwa zaidi na UKIMWI na malaria. Mfuko wa Dunia, ulioanzishwa 2002, na PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI wa 2003, vilileta fedha za kupima VVU na kufuatilia hali ya waliokwisha kuanza dawa. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa. Kipimo cha haraka, kinachotaka tone moja la damu ya kidoleni bila hadubini wala umeme, kikaenea hadi zahanati za vijijini. Siku hizi kisukari, magonjwa ya figo na saratani vinaongeza mahitaji, hasa mijini.

Kikwazo kikubwa ni vitendanishi. Mara nyingi mtengenezaji huiweka mashine hospitalini bila malipo, kwa sharti kwamba hospitali inunue vitendanishi vyake, kwa kuwa mashine haipokei vya kampuni nyingine. Vitendanishi hivyo huagizwa kwa fedha za kigeni, huisha muda haraka, na vingi hutaka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi tangu bandarini hadi maabara. Malipo ya mzabuni anayeviuza yakichelewa, mashine nzima hukaa bure, na mgonjwa huelekezwa maabara binafsi akalipe mwenyewe. Utaratibu wenyewe wa kuweka mashine bila malipo si mbaya. Kinachoumiza ni mkataba usiofunga bei ya kila kipimo wala kumbana mtengenezaji kwenye matengenezo.

Vipimo vya haraka vya malaria navyo vina udhaifu wake. Vingi hutafuta HRP2, protini ya vimelea vya malaria, na vimelea vilivyopoteza jeni la protini hiyo vinaweza visionekane. Kwa sababu hiyo Eritrea ililazimika kubadili vipimo mwaka 2016.

Mnamo Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na huduma za kupima VVU zikayumba katika nchi kadhaa za Afrika. Kwa hiyo serikali zinapaswa kutenga fungu lao la vitendanishi na kununua kwa pamoja ili kushusha bei.