Mafundi Cherehani wa Dagenham

Kiswahili hakina shaka na mtu wa cherehani: ni fundi. Awe ameweka mashine yake barazani pa duka au sebuleni kwake, ukimpelekea kitambaa unamwita fundi, na akikuharibia nguo utamlaumu kama fundi. Tarehe 7 Juni 1968, wanawake 187 wa kiwanda cha magari cha Ford huko Dagenham, mashariki mwa London, waliacha cherehani zao na kugoma kwa sababu mwajiri aliwanyima hadhi hiyo. Mgomo wao ulichangia sana kuipatia Uingereza sheria ya malipo sawa. Hadhi yenyewe waliisubiri miaka mingi baada ya hapo.

Kazi yao ilikuwa kushona vifuniko vya viti vya magari. Aliyewahi kukaa karibu na fundi wa viti vya gari anaielewa. Vipande hukatwa kwa vipimo, hugeuzwa ndani nje, huunganishwa pindo kwa pindo, na mshono lazima uzunguke kona ya kiti bila kukunjamana. Kitambaa cha gauni ukikosea unafumua na kurudia. Ngozi ya plastiki haina huruma hiyo: tundu la sindano likishatoboka limetoboka, na kipande kimeharibika. Mikono inasukuma, mguu unapima mwendo wa mashine, jicho halibanduki kwenye sindano. Ford wenyewe walilijua hilo, maana mwanamke hakuajiriwa kwenye chumba kile kabla hajafanyiwa majaribio ya kushona na kuyafaulu.

Kisha kampuni ikapanga upya madaraja ya kazi zake zote. Washonaji wakawekwa daraja B, la wenye ujuzi mdogo, badala ya C, la wafanyakazi wenye ujuzi zaidi. Umempima mtu ujuzi mlangoni, akafaulu, ukamwingiza ndani, halafu ukamwandikia kwamba ujuzi hana. Juu ya hayo, hata ndani ya daraja B mwanamke alilipwa asilimia 85 tu ya kiwango cha mwanamume wa daraja hilohilo.

Kwa hiyo malalamiko yalikuwa mawili, na ni muhimu kutoyachanganya. La kwanza lilihusu daraja: tutambueni kuwa mafundi. La pili lilihusu ile asilimia 15 iliyokatwa kwa sababu ya jinsia. Lililowatoa kwenye cherehani ni la kwanza. Lililoingia kwenye vitabu vya historia ni la pili.

Mgomo uliuma upesi. Gari halitoki kiwandani bila viti, na kiti hakikamiliki bila kifuniko. Wenzao wa kiwanda cha Halewood, karibu na Liverpool, wakaungana nao, na uzalishaji wa magari ukakwama. Wanaume waliounda injini na milango wakajikuta hawana kazi ya kufanya, kwa sababu ya chumba kimoja cha wanawake ambao kampuni ilisema ujuzi wao ni mdogo. Sijui kama kuna uthibitisho mwingine wa thamani ya kazi unaoushinda huo.

Tarehe 28 Juni, Barbara Castle, waziri wa ajira katika serikali ya Harold Wilson, aliwaita wawakilishi wao ofisini kwake, miongoni mwao Rose Boland aliyekuwa mstari wa mbele wa mgomo. Picha za siku ile bado zipo: waziri na washonaji wamekaa pamoja, vikombe vya chai mkononi. Walitoka na ahadi ya kupandishwa mara moja hadi asilimia 92 ya malipo ya wanaume, na mwaka uliofuata wapate kiwango kamili cha daraja B. Wakarudi kazini.

Kiwango kamili cha B, lakini B ileile. Suala la daraja lilipelekwa kwenye uchunguzi, na C hawakupewa.

Madai ya malipo sawa hayakuanzia Dagenham. Tangu mwaka 1888 Clementina Black alikuwa amelifikisha azimio la aina hiyo mbele ya mkutano wa vyama vya wafanyakazi vya Uingereza. Mwaka 1951 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 100 kuhusu ujira sawa kwa kazi ya thamani sawa, na miaka ikapita Uingereza haijauridhia. Ila baada ya Juni 1968 serikali haikuweza tena kuahirisha. Sheria ya Malipo Sawa ilipitishwa Mei 1970, wiki chache kabla chama cha Castle hakijashindwa uchaguzi, nayo ikaanza kutumika tarehe 29 Desemba 1975. Waajiri walipewa zaidi ya miaka mitano wajiandae. Wengine walijiandaa kwa kuwatenganisha wanawake na wanaume katika kazi mbalimbali, ili siku ya sheria ikifika mwanamke asiwe na wa kujilinganisha naye.

Sheria iliruhusu hilo. Mwanamke alipaswa kuonyesha mwanamume anayefanya kazi inayofanana na yake, au ambaye kazi yake mwajiri ameshaipima na kuiona sawa. Sasa rudi kwenye chumba cha cherehani ambako wote ni wanawake. Unajilinganisha na nani? Na ikiwa mwajiri ndiye mwenye mizani na ameshakupima ukapata B, unakata rufaa wapi?

Mwaka 1982 Mahakama ya Jumuiya ya Ulaya iliamua kwamba sheria hiyo ina upungufu. Kuanzia Januari 1984 mwanamke Mwingereza aliweza kudai kwamba kazi yake, hata kama ni tofauti kabisa na ya mwanamume, ina thamani sawa nayo. Julie Hayward, mpishi katika kiwanda cha meli cha Cammell Laird huko Birkenhead, alijilinganisha na mpaka rangi, seremala na fundi wa kuzuia joto lisipotee. Kampuni ikajitetea kwamba yeye anakula bure kazini na ana nafuu nyingine. Mwaka 1988 majaji wa juu kabisa walimpa ushindi: chakula cha bure hakifuti mshahara mdogo.

Maneno hayo, thamani sawa, yako kwetu pia. Kenya iliuridhia Mkataba namba 100 mwaka 2001, Tanzania mwaka 2002, na kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinamtaka mwajiri alipe ujira sawa kwa kazi ya thamani sawa. Lakini sikiliza tunavyosema. Mwanamume wa barazani ni fundi. Mama anayesomesha watoto kwa cherehani ya sebuleni, tukiulizwa kazi yake, tunajibu kwamba anashonashona tu. Kitenzi kimerudiwa na ufundi umepotea.

Washonaji wa Dagenham walikataa kushonashona. Mwaka 1984, miaka 16 baada ya mgomo wa kwanza, walizima tena cherehani, na safari hii hawakutaka asilimia ya mtu yeyote. Walitaka herufi moja ibadilishwe. Baada ya mgomo huo wakapewa C.