Fomu Tatu Wote, Nendeni Nyumbani

Julai 2016 nilikuwa fomu tatu katika shule moja ya bweni ambayo sitaitaja jina. Usiku mmoja godoro liliungua bwenini. Tulizima moto kwa ndoo za maji kabla haujashika kitanda cha pili, na hakuna aliyeumia. Asubuhi tukapangwa paredi. Prinsipali akauliza mara moja tu: "Nani aliwasha?"

Kimya.

"Sawa. Fomu tatu wote, nendeni nyumbani. Kila mtu arudi na mzazi na elfu tano."

Jirani yangu wa deski alikuwa na malaria. Usiku huo alilala kwenye zahanati ya shule, na jina lake lilikuwa kwenye kitabu cha nesi. Alijaribu kumweleza naibu wa prinsipali. Akajibiwa, "Hapa hatuvumilii ujinga. Sitaki stori." Kile kitabu kilikuwa hatua hamsini tu kutoka pale tuliposimama, lakini hakuna mtu alienda kukifungua.

Mimi nilirudi baada ya wiki mbili. Yeye alikuwa analelewa na nyanya yake, na elfu tano haikupatikana. Deski yake ilikaa tupu hadi tukamaliza fomu nne.

Hasira hiyo ndiyo ilinifanya nianze kusoma sheria za nidhamu za shule zetu. Nilitarajia kwamba kadiri ninavyorudi nyuma, ndivyo mambo yatakavyokuwa mabaya. Kanuni za 1972 ziliruhusu kiboko, ndiyo. Lakini ziliweka masharti: uchunguzi kamili ufanywe kwanza, shahidi awepo, mtoto asichapwe mbele ya wenzake, viboko visizidi sita, na adhabu iandikwe. Si eti shule zilifuata. Ripoti ya Human Rights Watch ya 1999 ilionyesha watoto wakichapwa na mwalimu yeyote, hata kwa kuchelewa tu. Wazazi wetu wanaweza kukusimulia hayo bila ripoti. Ila kwenye karatasi, hata enzi ya kiboko, mwenye fimbo alitakiwa kuuliza kwanza.

Mwaka wa 2001 serikali ikakifuta kiboko shuleni. Mwezi Machi mwaka huo huo, wavulana 67 walikufa usiku katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, kwa moto uliowashwa makusudi. Madirisha yalikuwa na vyuma na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Tangu hapo, kila prinsipali wa shule ya bweni hulala na Kyanguli kichwani. Yule wetu pia, nadhani. Siwezi kumcheka kwa kuogopa godoro moja.

Lakini hofu hiyo ilizaa njia ya mkato. Mahali pa kiboko pakaingia barua ya kutumwa nyumbani, na barua haihitaji kumjua mkosaji. Unafukuza darasa zima, unahesabu kwamba aliyewasha yumo.

Na hiyo sheria hairuhusu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya kikatili, iwe ya mwili au ya akili. Inasema pia kwamba mwanafunzi hafukuzwi shule mpaka njia nyingine zote za kumrekebisha ziishe, na mpaka yeye na mzazi wake wapewe nafasi ya kusikilizwa. Ilikuwa na miaka mitatu tayari asubuhi ile tulipopangwa paredi. Hakuna aliyetusomea.

Mwaka huo wa 2016 shule zaidi ya 100 zilichomwa nchini. Waziri Fred Matiang'i alikuwa amepiga marufuku wazazi kutembelea watoto na siku za maombi katika muhula wa tatu, ili kuziba wizi wa mitihani. Mabweni yakanung'unika. Wakubwa wakajibu kwa ukali zaidi. Mwaka wa 2021 moto uliporudi, wapelelezi wa DCI walionya kwamba makosa ya mwanafunzi yatawekwa kwenye rekodi na kuonekana akienda kuomba cheti cha tabia njema. Yaani kosa la bwenini likungoje hadi siku ya kutafuta kazi.

Mwaka jana nilikutana na jirani yangu wa deski stejini. Ni makanga sasa, na ana mtoto mmoja. Tulicheka kidogo, tukaulizana kuhusu wasee wa zamani. Kisha akaniuliza, "Walishawahi kumjua?"

Nikamwambia hapana.

"Basi kwa ile faili bado ni mimi," akasema, akagonga bodi ya matatu mara mbili, ikaondoka.