Insha 34 Chini ya Kitanda

Wasee, tukiongea story za korona kila mtu anakumbuka Mutahi Kagwe kwa TV akisoma namba. Sawa, hiyo ni historia. Lakini kuna historia nyingine ilikuwa inaendelea kwa nyumba moja ya chumba kimoja Kayole, na nisipoiandika mimi, hakuna kitabu kitaiandika.

Mathe ni mwalimu. Mwaka wa 2020 alikuwa anafunza darasa la sita kwa shule moja ndogo ya kibinafsi hapo mtaani, madarasa ya mabati. Ijumaa tarehe 13 Machi alitoka shule na vitabu 34 vya insha, avisahihishe wikendi. Kichwa kilikuwa "Likizo ya Aprili". Siku hiyo hiyo serikali ikatangaza mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 Kenya. Jumapili, Rais Uhuru Kenyatta akafunga shule: za kutwa kuanzia kesho yake, za bweni zikapewa hadi Jumatano, vyuo vikuu hadi Ijumaa. Mimi nilikuwa Form 2, bweni. Nilifika na sanduku langu nikamkuta amekaa kitandani na kalamu nyekundu, anasahihisha. Alimaliza zote wiki hiyo.

Mkisikia ati walimu walikula mshahara wakiwa wamekaa nyumbani, ulizeni ni walimu gani. Wa TSC, ndiyo, pesa iliendelea kuingia. Lakini mwalimu wa shule ya kibinafsi analipwa na karo. Karo inatoka kwa mzazi, na mzazi wa Kayole ni fundi wa mjengo, ni mama wa kufulia watu nguo, na wakati huo hakuna mtu alitaka mgeni aingie kwake. Machi mathe alipewa nusu. Aprili akaambiwa avumilie. Mei simu haikushikwa.

Siku yake ilikuwa hivi. Saa kumi na moja asubuhi ameamka, amevaa kama mtu anaenda kazi. Nilimuuliza anaamkia nini. Akaniambia, "Nikizoea kulala, shule zikifunguliwa nitaamkaje?" Alikuwa anaandika hesabu kwa karatasi, anapiga picha, anatuma WhatsApp. Kwa wanafunzi 34, wazazi 11 ndio walikuwa na simu ya kupokea picha, na hao 11 si kila siku wana bando. Wengine aliwaambia wasikilize vipindi vya KICD kwa redio ya KBC. Unasikiliza, sawa, lakini redio huwezi kuinulia mkono.

Saa sita anafunga daftari, anatoka kuuza sukuma kando ya barabara. Kuanzia tarehe 27 Machi kafyu ilikuwa saa moja jioni, na hapo ndipo wateja walikuwa wanashuka matatu. Kwa hivyo ile saa ya pesa ndiyo ilikuwa saa ya kukimbia polisi. Wateja wenyewe walikuwa wazazi wa darasa lake. "Ticha, nipe ya ishirini, nitakulipa Jumamosi." Atakataa aje?

Siku moja kijana wake mmoja alitumwa sukuma, akaona ni mwalimu anauza, akajificha nyuma ya mkokoteni. Mathe akamwita. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Yeye akamuuliza tu, "Saba mara nane?" Kijana akasema 54. "Rudi ufikirie." Akarudi na 56, akaongezewa majani.

Tarehe 7 Julai waziri George Magoha akasema mwaka wa masomo umefutika, tukutane Januari. Siku hiyo hiyo barabara za kutoka Nairobi zilifunguliwa, zilikuwa zimefungwa tangu Aprili 6. Kumbuka zile insha: karibu wote walikuwa wameandika wataenda ushago Aprili. Kule Mwea shule moja iligeuza madarasa kuwa nyumba ya kuku, watu mtandaoni wakacheka. Mathe hakucheka. Alisema angalau hao wamepata cha kulipa walimu.

Oktoba 12 walirudi Gredi ya 4, darasa la nane na Form 4. Januari 4, 2021, wengine wote. Shule yake haikufungua. Watoto wakatawanyika shule zingine, na vitabu 34 vikabaki chini ya kitanda. Yeye alipata kazi kwingine, mshahara mdogo kuliko ule wa kwanza. Bado anaamka saa kumi na moja.

Mimi nilienda chuo nikasomea ualimu, nikaacha mwaka wa pili. Watu hudhani ni uvivu ama hii kazi ya kamera. Ukweli ni kwamba kila nikikaa kwa ile klasi nilikuwa naona sukuma na saa moja jioni. Mathe hajakubaliana na mimi hadi leo, na sisemi yeye ndiye amekosea. Nasema tu nchi ikimuacha mwalimu hivyo, isishangae mtoto wake akitoroka.

Mwezi uliopita kijana mmoja alimtambua kwa steji, sauti imekuwa nzito. Ni yule wa 56. Akaja nyumbani, akapewa kitabu chake: 27 kwa 40, na maandishi mekundu, "Jitahidi, unaweza." Alisoma akiwa amesimama mlangoni.

Zimebaki 33. Kama ulikuwa darasa la sita Kayole 2020 na uliandika "Likizo ya Aprili", inboksi yangu iko wazi. Mwalimu wako alishamaliza kusahihisha.