Majitu Manne Noma ya Kwenye Muvi na Yale Yanasema Kutuhusu

Umewahi cheki muvi ya kutisha usiku, ukazima stima, halafu ukaogopa kutoa mguu nje ya blanketi? Tulia, hauko peke yako. Lakini rada ni hii: jitu la muvi huwa limebeba uoga wa wasee wa wakati wake. Cheki haya manne.

1. Jitu la Frankenstein
Mary Shelley alianza kuandika hii stori 1816 akiwa na miaka 18, kitabu kikatoka 1818. Wengi hudhani Frankenstein ni jina la jitu. Zii! Huyo ni msee aliyeliunda kisha akalitoroka. Jitu halina jina, na linageuka baya baada ya kukataliwa na kila mtu. Kama umewahi kuachwa na mtu aliyepaswa kukulea, hapa utashikwa.

2. Godzilla
Alitokea Japani 1954, miaka 9 baada ya Marekani kuangusha mabomu ya atomiki Hiroshima na Nagasaki. Kwenye muvi, majaribio ya mabomu ndiyo yanamsumbua huko baharini. Yaani wakubwa wanacheza na moto, raia ndio wanaungua. Si unajua hiyo hali?

3. Zombi
Asili yake ni Haiti, nchi iliyojengwa na watumwa wa mashamba ya miwa. Huko, zombi ni maiti iliyofufuliwa ifanyie mtu kazi, bila hiari yake. Kula nyama ya watu kulikuja na muvi ya George Romero ya 1968. Kama unaamka saa kumi alfajiri kukimbilia mat na mshahara unaisha tarehe tano, zombi unamjua.

4. Vecna
Huyu wa Stranger Things, 2022, anawinda matineja wenye majuto na siri moyoni. Max alikuwa amenyamaza tangu kaka yake wa kambo afe, akawatenga mabeshte. Kilichomtoa mara ya kwanza ni wimbo anaoupenda, na mabeshte waliokataa kumwacha.

Sasa jiulize: kati ya haya manne, ni gani linakunyima usingizi? Kama ni la mwisho, usikae nalo kimya kwa keja. Pigia beshte simu leo. Na kama kuna beshte wako amenyamaza siku hizi, mcheki wewe kwanza.