RFB: itifaki ya wazi ya kuendesha kompyuta iliyo mbali

RFB ni itifaki iliyobuniwa Cambridge, Uingereza, katika maabara ya Olivetti, na ndiyo inayotumiwa na programu ya VNC. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 2011 kama RFC 6143. Hivyo wakala wa forodha aliyeko Namanga mwenye Linux anaweza kuifungua kompyuta ya Windows iliyoko ofisini Dar es Salaam, hata kwa programu za watengenezaji tofauti: ya ofisini hutuma picha ya skrini vipande vipande, yake hurudisha mibonyezo ya kibodi na kipanya.

Uwazi huo si usalama. Neno la siri la VNC ya asili huishia herufi 8, na ankara za mteja husafiri bila kufichwa, isipokuwa zipitishwe ndani ya SSH au VPN. Baadhi ya watengenezaji wameongeza ulinzi wao wenyewe, na hapo ndipo programu za kampuni mbili huanza kukataana.