Moshi wa jikoni na walinzi wa mapafu: kwa nini kikohozi hakikomi

Si kila kikohozi cha muda mrefu ni kifua kikuu. Mtu anayekohoa zaidi ya wiki mbili mjini Bujumbura hutakiwa kupimwa makohozi, na ndivyo inavyopasa, kwa kuwa igituntu, kama wasemavyo kwa Kirundi, bado ni tishio nchini. Lakini wapo ambao majibu hutoka safi. Hupewa dawa ya kuua vijidudu, wakapata nafuu, na baada ya miezi michache hurejea na kifua kilekile, pumzi fupi zaidi kuliko awali. Miongoni mwao wamo akina mama ambao hawajashika sigara maishani mwao. Walichovuta, tangu utotoni, ni moshi wa jikoni.

Ugonjwa unaowasumbua baadhi yao ni ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ambao madaktari wetu huuandika kwa herufi za Kifaransa BPCO. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa uliua watu milioni 3.5 mwaka 2021, na kuuweka nafasi ya nne kati ya visababishi vya vifo duniani. Tumbaku ndiyo inayotajwa kwanza. Katika nchi ambazo karibu kila chungu huinjikwa juu ya kuni au makaa, moshi wa nyumbani una sehemu yake kubwa.

Wengi hudhani kwamba mapafu haya yamejaa masizi tu, kama bomba la moshi lisilosafishwa, na kwamba ukiondoka penye moshi yatajisafisha yenyewe. Sivyo. Kilichoharibika zaidi ni askari wa mwili wenyewe.

Askari hao walianza kufahamika mwaka 1882, pale mwanasayansi Élie Metchnikoff, akiwa Messina, Italia, alipochoma mwiba ndani ya kiluwiluwi cha kiti cha pwani, na kuona seli zinazotembea zikiuzingira ule mwiba. Kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1908. Katika mapafu ya binadamu, seli za jamii hiyo huitwa makrofaji. Hukaa ndani ya vijifuko vya hewa, zikimeza vumbi, vijidudu na mabaki ya seli zilizokufa. Katika mapafu yenye afya huifanya kazi hiyo kimya kimya, bila kuamsha vita, maana vita ndani ya kiungo laini namna hiyo huacha majeraha.

Moshi huvuruga utulivu huo. Chembe zake zilizo hatari zaidi zina kipenyo kisichozidi maikromita 2.5, ndogo kuliko unywele zaidi ya mara 20, kwa hiyo hupenya hadi kwenye vijifuko. Makrofaji huzimeza lakini haiwezi kuziyeyusha. Siku baada ya siku hushiba masizi, kisha yatokea mambo mawili yanayoonekana kupingana: seli hiyo hupiga king'ora bila kukoma, ikimwaga kemikali za kuita msaada, ilhali uwezo wake wa kumeza vijidudu hupungua. Kwa wagonjwa wa BPCO imeonekana kuwa makrofaji hushindwa kumeza ipasavyo bakteria wanaoleta nimonia, na hushindwa pia kuondoa maiti za seli nyingine. Maiti hizo huoza mahali zilipo, na uozo wake huchochea kuvimba upya. Ni mlinzi anayepiga kelele usiku kucha, na mwizi anapita mlangoni.

Wanaoitikia king'ora hicho ni seli nyeupe za damu ziitwazo nyutrofili. Hizi huja kwa maelfu zikiwa na silaha kali, mojawapo ikiwa kimeng'enya elastezi, chenye kukata nyuzi za kunyumbulika zinazoyafanya mapafu yajikunje tunapotoa pumzi. Mwili una ngao dhidi ya kimeng'enya hicho, protini iitwayo alfa-1 antitripsini. Mwaka 1963 watafiti wawili wa Sweden, Laurell na Eriksson, waliwaeleza watu waliozaliwa na upungufu wa protini hiyo, ambao baadhi yao mapafu yalikuwa yameharibika wangali vijana. Ugunduzi huo ulifunua kwamba silaha za mwili wenyewe zikikosa kizuizi zaweza kula mapafu. Mvuta moshi aliyezaliwa na ngao kamili naye hupata hasara hiyo, polepole, kwa kuwa silaha zinamwagwa kuliko ngao inavyoweza kuhimili.

Jambo la kuhuzunisha ni kwamba moto huu hauzimiki kwa kuondoa kuni peke yake. Kwa watu walioacha sigara miaka mingi, bado hukutwa uvimbe katika njia zao za hewa. Tena dawa za steroidi, zinazotuliza pumu vizuri, mara nyingi hapa hufanya kazi kidogo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2005 ulitoa sababu mojawapo: kimeng'enya kinachosaidia kuzizima jeni za uvimbe kimepungua katika mapafu ya wagonjwa hawa, kadiri ugonjwa unavyozidi, na steroidi hukihitaji ili zifanye kazi. Ndiyo maana si busara kuazima dawa ya jirani mwenye pumu kwa kuwa kifua kinalia sawa. Wapo wagonjwa wa BPCO wanaonufaika na steroidi za kuvuta, lakini zinaweza pia kuongeza hatari ya nimonia. Daktari ndiye wa kuamua.

Je, haya yote yanahusu moshi wa makaa, au ni habari za wavuta sigara wa Ulaya? Jibu la karibu zaidi limetoka Malawi. Mjini Blantyre, watafiti waliwaomba watu wazima wa kujitolea ruhusa ya kuyasafisha mapafu yao kwa maji ya chumvi na kuzitazama makrofaji zilizotoka humo. Mwaka 2009 waliripoti kuwa seli za wanaopikia kuni zilibeba masizi mengi kuliko za wanaopikia makaa, na kwamba kibatari cha mafuta ya taa nacho kilikuwa na mchango wake. Utafiti uliofuata, mwaka 2015, ulionyesha kuwa seli zilizosheheni masizi zina nguvu ndogo ya kutoa kemikali za kuulia vijidudu walivyokwisha kumeza. Mwaka huohuo, uchunguzi wa Masindi, Uganda, uliwapima pumzi watu wenye umri wa zaidi ya miaka 30, na kukuta dalili za ugonjwa huu kwa asilimia 16.2. Idadi kubwa mno kwa watu ambao wengi wao ni wakulima wa makamo.

Makaa yana moshi mchache kuliko kuni, na hilo huwafariji wengi wa Buyenzi na Bwiza. Lakini imbabura iliyoshika vizuri hutoa chembe zisizoonekana na gesi ya sumu ya monoksidi ya kaboni, na maharagwe hayaivi kwa dakika kumi. Mvua inaponyesha, jiko huingizwa ndani na mlango hurudishwa. Hapo ndipo mama na mtoto mgongoni huvuta kipimo kikubwa zaidi. Jiko bora husaidia, lakini lisitiwe chumvi: jaribio kubwa la Malawi lililowahusisha watoto zaidi ya 10,000, matokeo yake yakatolewa mwaka 2016, halikuona kuwa majiko yaliyoboreshwa yalipunguza nimonia kwa watoto. Huenda moshi uliosalia, wa takataka, wa jirani na wa barabarani, ulitosha kudhuru. Gesi na umeme ni safi zaidi, ila gharama zake na kukatika kwa umeme kila msomaji anazijua.

Kifua kikuu kinarudi hapa kwa mlango mwingine. Bakteria wake huishi ndani ya makrofaji ileile iliyodhoofishwa na moshi, na hata mgonjwa aliyemaliza dawa na kupona anaweza kubaki na makovu na njia za hewa zilizoziba. Aliyepona kifua kikuu na bado anaishiwa pumzi akipanda ngazi hana budi kurudi kupimwa.

Kipimo kinachotofautisha magonjwa haya ni spiromita: mgonjwa hupuliza kwa nguvu ndani ya mrija, na mashine hupima kiasi cha hewa kinachotoka katika sekunde ya kwanza. Hakiumizi. Kwa kuwa hakipatikani kila kituo, maelezo ya mgonjwa yana uzito. Daktari huuliza kuhusu sigara. Akijibiwa hapana, mara nyingi huendelea na swali jingine. Mweleze, hata asipouliza, umepikia nini, kwa miaka mingapi, ndani au uani, na kama uliwahi kutibiwa kifua kikuu.