Mgawanyo wa uzito wa gari

Mgawanyo wa uzito ni jinsi uzito wa gari unavyobebwa na magurudumu ya mbele na ya nyuma. Huandikwa kwa asilimia: gari la 60:40 hulaza asilimia 60 ya uzito wake kwenye ekseli ya mbele. Kipimo hicho hupatikana gari likiwa limesimama. Likianza kwenda, hesabu hubadilika.

Dereva akikanyaga mafuta, pua huinuka na mzigo huhamia nyuma. Akifunga breki, pua huinama. Kiasi kinachohama hutegemea urefu wa kitovu cha uzito kutoka ardhini na umbali kati ya ekseli. Chukua gari la kilo 1,500, kitovu chake kikiwa nusu mita juu na ekseli zikiachana kwa mita 2.5. Breki zikipunguza mwendo kwa mita 9.8 kwa sekunde katika kila sekunde, mzigo wa kilo 300 hivi huhamia mbele. Shehena iliyokuwa ndani ya gari ikipandishwa kwenye keria ya paa, kiasi hicho huongezeka.

Porsche 911, iliyoonyeshwa Frankfurt mwaka 1963, ndiyo darasa bora la somo hili. Injini yake imekaa nyuma kabisa ya ekseli ya nyuma. Inapoondoka, uzito hushindilia magurudumu yale yale yanayoisukuma, nayo huchomoka bila tairi kuzunguka bure. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, kama Mini ya 1959, hukosa faida hiyo: likiondoka kwa kasi mlimani, magurudumu yanayolivuta hupunguziwa mzigo.

Kwenye kona mambo hugeuka. Mshiko wa tairi huongezeka mzigo unapoongezeka, lakini si kwa uwiano ule ule. Upande mzito huishiwa mshiko mapema. Dereva wa 911 za mwanzo aliyeachia mafuta ghafla katikati ya kona aliondoa mzigo nyuma, na mkia ukatoka nje kama nyundo iliyozungushwa kwa mpini wake. Porsche ilificha vyuma vya kilo 11 katika kila pembe ya bampa la mbele. Kwa toleo la 1969 ikafanya tiba ya kweli zaidi: magurudumu ya nyuma yakasogezwa nyuma kwa milimita 57, injini ikibaki ilipokuwa.

Tabia hiyo haikuizuia kung'ara kwenye barabara mbovu. Mwaka 1978 Vic Preston Jr. wa Kenya alishika nafasi ya pili katika Safari Rally akiendesha 911, nyuma ya Peugeot 504 ya Jean-Pierre Nicolas.

Katika mbio za saketi, injini ya katikati ndiyo iliyoshinda. Uzito ukikusanywa karibu na kitovu, gari hugeuka upesi na kutulia upesi. Jack Brabham alitwaa ubingwa wa Formula 1 mwaka 1959 na 1960 kwa Cooper ya aina hiyo, na kwa msimu wa 2017 Porsche yenyewe iliisogeza injini ya 911 RSR mbele ya ekseli ya nyuma.